Profesa aliyekataa kula faida ana somo kwa mkulima na muuza duka

MSIMU wa mavuno ni msimu wa furaha, lakini kwa mkulima mdogo pia ni msimu wa kuuza kwa bei ya kutupa. Mahindi yanapojaa ghalani ndipo ada ya shule inapodaiwa, ndipo mwenye deni la mbolea anapokuja kupiga hodi, na ndipo mlanguzi anapofika na lori lake akijua wazi kuwa mwenye magunia hana ubavu wa kusubiri.

Miezi michache baadaye mkulima huyo huyo hurudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu, pengine mahindi yale yale aliyoyavuna kwa mikono yake.

Dukani nako hali si tofauti sana. Mtu hufungua kibanda chake kikiwa kimejaa bidhaa, lakini baada ya mwaka mmoja rafu zimebaki na sabuni, viberiti na chumvi. Akiulizwa fedha zimekwenda wapi, hana jibu. Wahenga walishasema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Wengi wanapozungumzia matatizo ya watu hawa husema mtaji ni mdogo. Hilo ni kweli, na hakuna ubishi. Hata hivyo, lipo jambo jingine ambalo husahaulika, nalo ni uwezo wa kusubiri. Mwenye uwezo wa kusubiri huuza bei inapopanda, hununua bei inaposhuka, na hupata nafasi ya kuboresha bidhaa yake mpaka mteja aitafute mwenyewe.

Uwezo huo hauji kwa bahati. Hutengenezwa, na mmoja wa watu walioonyesha namna ya kuutengeneza ni profesa wa uhandisi wa umeme wa nchini Marekani, Amar Bose, ambaye jina lake la ukoo limeandikwa kwenye spika na redio zinazouzwa sehemu nyingi duniani.

Bose alifariki dunia Julai 2013 akiwa na umri wa miaka 83. Hakulima mahindi wala hakuuza nyanya, lakini safari yake ilianzia mahali ambapo wafanyabiashara wadogo wengi wanapafahamu vizuri, yaani kwenye meza ya fundi redio.

Fundi redio wa miaka 13

Amar Bose alizaliwa mwaka 1929 katika jiji la Philadelphia. Baba yake, Noni Gopal Bose, alikuwa Mhindi kutoka Bengal aliyekimbilia Marekani mwaka 1920 baada ya kuandamwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kwa sababu ya harakati za kudai uhuru. Mama yake, Charlotte, alikuwa mwalimu Mmarekani.

Maisha hayakuwa mepesi. Zilikuwa zama za ubaguzi wa rangi, na Bose alikuja kusimulia ukubwani jinsi familia yao ilivyokuwa ikikaa mgahawani bila kuhudumiwa kwa sababu ya rangi ya baba yake.

Baba huyo alikuwa na biashara ya kuagiza bidhaa kutoka India. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, safari za meli zilivurugika na biashara ikakauka. Kwa lugha ya leo, mzigo ulikwama na mtaji ukakatika.

Hapo ndipo kijana wa miaka 13 alipoingia. Bose alikuwa amekwishajifunza kutengeneza treni za kuchezea watoto na redio. Kwa kuwa mafundi wengi walikuwa wamechukuliwa vitani, aliona kuna pengo. Matangazo yaliwekwa kwenye maduka ya vifaa kwamba redio mbovu zinapokewa, akawaita na wanafunzi wenzake kumsaidia, na fedha zilizopatikana zikachangia kuendesha nyumba.

Ni vema kulitazama jambo hili kwa makini. Familia ile haikutegemea mlango mmoja. Mlango wa India ulipofungwa, ulifunguliwa mwingine mdogo chini ya nyumba yao wenyewe, nao ulitosha kuwavusha. Somo hilo Bose hakulisahau hata alipokuja kuwa tajiri.

Mwaka 1947 aliingia Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kwa kifupi cha MIT, na mwaka 1956 alihitimu shahada ya udaktari katika uhandisi wa umeme. Muda mfupi baadaye alianza kufundisha hapo hapo, na aliendelea mpaka mwaka 2001. Ni miaka 45 ya kushika chaki.

Spika iliyomkera

Biashara yake ilizaliwa kutokana na hasira ya mteja. Alipokuwa anamaliza masomo mwaka 1956, Bose aliamua kujizawadia kwa kununua mtambo wa muziki. Kwa kuwa alikuwa mhandisi, alichagua kwa kusoma vipimo vilivyoandikwa na watengenezaji, na akachukua ule uliokuwa na takwimu nzuri.

Alipoufungulia nyumbani alisikitika. Bose alikuwa amejifunza kupiga fidla utotoni, hivyo alijua sauti ya chombo hicho inavyopaswa kuwa. Vipimo kwenye karatasi vilikuwa vizuri, lakini sikio lilikataa.

Wengine wangerudisha mtambo dukani na kulalamika. Yeye alianza kuchunguza, na akabaini kuwa katika ukumbi wa muziki sehemu kubwa ya sauti humfikia msikilizaji baada ya kugonga kuta na dari, wakati spika za siku zile zilikuwa zikirusha sauti moja kwa moja usoni kwa msikilizaji.

Mwaka 1964 alianzisha kampuni katika jimbo la Massachusetts. Miongoni mwa waliotoa fedha za kuanzia alikuwepo aliyekuwa mwalimu wake, Profesa Y. W. Lee. Mfanyakazi wa kwanza alikuwa mwanafunzi wake, Sherwin Greenblatt, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kampuni hiyo.

Spika ya kwanza, iliyotoka mwaka 1966, haikufanya vizuri sokoni. Ilikuwa na spika ndogo 22 ndani ya umbo moja la kuwekwa kwenye kona ya chumba, na walioinunua walikuwa wachache.

Kampuni changa ikiangukiwa na bidhaa yake ya kwanza mara nyingi hufa. Hii haikufa, kwa sababu katika miaka ile ya mwanzo ilikuwa ikiishi kwa kazi za kandarasi za uhandisi, zikiwamo za jeshi la Marekani. Kazi hizo ndizo zilizolipa wafanyakazi wakati spika zinafanyiwa marekebisho.

Mwaka 1968 ikatoka spika iliyoitwa 901. Ilikuwa na spika ndogo tisa, moja ikitazama mbele na nane zikitazama ukutani nyuma, ili sauti igonge ukuta kwanza kama inavyokuwa ukumbini. Hiyo ndiyo iliyoitambulisha kampuni, na ilibaki kiwandani kwa zaidi ya miaka 40.

Mshahara wa darasani, faida ya kiwandani

Baada ya mafanikio hayo, wengi wangeacha ualimu na kujenga majumba. Bose hakuacha kufundisha, na tena hakuruhusu faida ya kampuni iliwe. Sera yake ilikuwa kurudisha faida yote ndani ya kampuni, hasa kwenye utafiti wa bidhaa mpya.

Vilevile alikataa kuipeleka kampuni kwenye soko la hisa. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wenye hisa hutaka gawio, na hutaka kuona hesabu nzuri kila baada ya miezi mitatu, wakati utafiti wa maana hauheshimu miezi mitatu. Aliwahi kusema kwamba kama angekuwa ameajiriwa kwenye kampuni inayoendeshwa na wasomi wa biashara, angekuwa amefukuzwa kazi mara nyingi sana.

Swali la kujiuliza ni hili: aliwezaje? Jibu mojawapo ni ushupavu wa mtu mwenyewe. Lakini jibu linalomfaa zaidi msomaji mwenye duka au shamba ni kwamba kampuni ilipozaliwa, mwenye kampuni tayari alikuwa na ajira. Kazi ya ualimu ilikuwepo, hivyo kiwanda hakikuwa na sababu ya kugeuzwa jiko la nyumbani.

Kwa maneno mengine, Bose alikuwa na vyungu viwili. Kimoja kilipikiwa chakula cha leo, kingine kilihifadhi mbegu ya kesho. Hakuna aliyeruhusiwa kuchota mbegu kwa sababu njaa imebisha hodi.

Kusubiri miaka 11

Matunda ya utaratibu huo yalionekana kwenye kifaa ambacho leo kinavaliwa na abiria wengi wa ndege. Mwaka 1978 Bose alikuwa akisafiri kwa ndege kutoka Ulaya kurudi Marekani. Alipewa hedifoni, yaani spika ndogo za kuvaa masikioni, lakini ngurumo ya injini ilifunika muziki wote.

Badala ya kulala, alitoa karatasi na kuanza kupiga hesabu. Wazo lilikuwa hivi: sauti ni mawimbi. Ukiweka kipaza sauti kidogo ndani ya hedifoni kikanasa ngurumo, halafu mtambo ukatengeneza wimbi la kinyume chake kwa wakati huo huo, mawimbi mawili yatauana na sikio litabaki na utulivu.

Hesabu zilionyesha kuwa inawezekana. Hata hivyo, kutoka karatasini kwenda dukani si safari ya siku moja. Mwaka 1986 marubani Dick Rutan na Jeana Yeager, walioizunguka dunia bila kutua kwa ndege iliyoitwa Voyager, walitumia hedifoni za majaribio za kampuni hiyo kulinda masikio yao. Mwaka 1989 ndipo kampuni ilipoanza kuwauzia marubani, na abiria wa kawaida walisubiri mpaka mwaka 2000.

Ni miaka 11 kutoka wazo hadi mauzo ya kwanza, na 22 hadi kumfikia mteja wa kawaida. Hakuna mkopo wa kulipa kila wiki unaoweza kuvumilia muda huo, wala hakuna mwenye hisa mwenye haraka ambaye angekubali. Kilichovumilia ni faida ambayo haikuliwa.

Mkulima haombwi kusubiri miaka 11. Mara nyingi anachohitaji ni miezi minne au mitano kati ya mavuno na wakati bei inapopanda. Lakini kanuni ni ile ile. Asiye na chungu cha pili hawezi kusubiri hata wiki mbili.

Naye alianguka

Ingekuwa makosa kumchora Bose kama mtu asiyekosea. Mwaka 1980 alianzisha utafiti wa kubadilisha springi na shokapu za magari kwa mota za umeme, ili gari lipite kwenye mashimo bila abiria kutikisika. Kazi hiyo ilifanyika kimya kimya kwa zaidi ya miaka 20, ikaonyeshwa hadharani mwaka 2004, na magari ya majaribio yaliwashangaza walioyaona.

Pamoja na maajabu hayo, mfumo huo ulikuwa mzito na wa gharama, na kampuni za magari hazikuuchukua. Kilichopatikana sokoni ni kiti cha madereva wa malori kinachopunguza mtikisiko, kilichotolewa mwaka 2010. Kwa fedha na muda uliotumika, hayo ni mavuno madogo.

Kosa jingine lilikuwa la hasira. Mwaka 1970 jarida moja la watumiaji wa bidhaa la Marekani liliandika kuwa sauti za ala kwenye spika ya 901 zilionekana kutangatanga chumbani. Kampuni ikaenda mahakamani. Kesi ilipanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1984 ilitoa uamuzi dhidi ya kampuni kwa hoja ya uhuru wa kuandika.

Kwa zaidi ya miaka 10 fedha na akili zilitumika kugombana na mkosoaji, wakati wateja walikuwa wakiendelea kununua spika hiyo hiyo. Muuza duka anayegombana na mteja mmoja mbele ya wateja kumi ajifunze hapo. Bidhaa nzuri hujitetea yenyewe.

Lakini ikumbukwe kuwa makosa yote hayo hayakuifilisi kampuni. Waliopoteza walipoteza faida iliyokwishapatikana, si nyumba iliyowekwa rehani. Hiyo ni tofauti kubwa. Mfanyabiashara anayejaribu jambo jipya kwa faida yake akishindwa hurudi alipokuwa jana. Anayejaribu kwa mkopo wa kausha damu akishindwa hupoteza kitanda, televisheni na heshima mtaani.

Faida ndogo nayo hutosha

Wapo watakaosema kuwa mfano huu hauna maana kwa watu wa hali ya chini. Bose alikuwa profesa, alikuwa Marekani, na mshahara wake ulikuwa wa uhakika. Mama muuza nyanya hana mshahara, na nyanya zake zikioza hakuna wa kumlipa. Je, atagawaje faida ambayo hata chakula cha jioni haikitoshi?

Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Iko siku mtoto ataumwa, na hakuna mzazi atakayeacha fedha kwenye kikopo cha mtaji wakati mwanawe anahitaji dawa. Anayehubiri akiba kwa watu maskini bila kuliona hilo anajisumbua.

Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayothibitisha umuhimu wa chungu cha pili. Kwa kuwa mshahara haupo, inabidi utafutwe mbadala wake, hata kama ni mdogo. Kuku wachache wa mayai, bustani ya mchicha karibu na kisima, cherehani barazani au kibarua cha siku mbili kwa wiki vinaweza kufanya kazi ambayo ualimu ulimfanyia Bose. Kazi yake si kumtajirisha mtu. Kazi yake ni kununua chumvi na mafuta ya taa ili magunia ya mahindi yabaki ghalani mpaka bei iwe nzuri.

Kwa upande wa dukani, chukua mfano wa mtu mwenye mtaji wa Sh300,000 anayepata faida ya Sh60,000 kwa mwezi baada ya kutoa gharama zote. Akiila yote, baada ya mwaka bado ana Sh300,000 zile zile, na kwa kuwa bei za bidhaa hupanda, kwa kweli amerudi nyuma.

Akirudisha nusu tu, yaani Sh30,000 kila mwezi, baada ya miezi 12 mtaji wake utakuwa umefika Sh660,000. Hapo bado haijahesabiwa faida itakayoletwa na mtaji ulioongezeka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai hata kikimiminiwa debe.

Tundu hilo kwa wengi ni droo moja. Fedha za mauzo, za ada, za mchango wa harusi na za kununua mzigo hukaa pamoja, na mkono unaochota haujui unachota ipi. Mwenye duka akila sukari ya dukani bila kuiandika, amekuwa mteja asiyelipa.

Dawa yake haihitaji shahada. Ni daftari mbili, moja ya nyumba na moja ya kazi, pamoja na uamuzi kwamba mwenye duka atajilipa kiasi maalumu kila wiki kama anavyomlipa kijana wa kubeba mzigo. Kinachobaki si chake. Ni cha duka.

Faida irudi wapi

Kurudisha faida peke yake hakutoshi kama inarudi mahali pasipofaa. Wapo wanaorudisha faida kwa kuongeza kibanda cha pili kabla cha kwanza hakijasimama, au kwa kulima ekari tano zaidi kwa mbegu zile zile dhaifu.

Bose alipeleka faida kwenye kuboresha kitu ambacho mteja atakisikia kwa sikio lake. Kwa mkulima wa mahindi, hiyo inaweza kuwa turubai la kukaushia ili punje zisiguse udongo, mifuko maalumu isiyopitisha hewa ili dumuzi asipate nafasi, au mbegu bora kwa sehemu ya shamba kwanza ili kujaribu. Kwa muuza maziwa ni chombo safi chenye mfuniko. Kwa muuza mchele ni mizani isiyodanganya na mchele uliopetwa.

Mambo hayo hayaonekani kwa jirani kama paa jipya au pikipiki. Lakini mteja huyaona, na mteja akirudi mara ya pili bila kuitwa, biashara imeanza kuota mizizi.

Serikali na taasisi za fedha nazo zina sehemu yao. Haina maana kumwambia mkulima asubiri bei wakati rejesho la mkopo wake linaanza kudaiwa wiki baada ya mavuno. Mkopo wa kilimo ufuate kalenda ya shamba, si kalenda ya ofisi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 nchini Tanzania, ulibuniwa ili mkulima aweke mazao ghalani, apate stakabadhi anayoweza kukopea, na asubiri mnunuzi mwenye bei nzuri. Wazo lake ni zuri kwa sababu linampa mkulima chungu cha pili. Lakini malipo yakichelewa kwa miezi, mkulima hulazimika kurudi kwa mlanguzi, na chungu hicho hugeuka kuwa tundu jingine. Wanaousimamia wapimwe kwa siku za malipo, si kwa idadi ya mikutano.

Mali baada ya mwenyewe

Jambo la mwisho linahusu mirathi. Mzee mwenye duka akifariki, si ajabu kukuta wiki mbili baada ya arobaini ndugu wamegawana bidhaa zilizokuwa rafuni. Shamba nalo hukatwa vipande, na kila kipande hakitoshi kulisha aliyekipata. Kazi ya miaka 30 huisha kwa kikao kimoja.

Bose, aliyekuwa ametajwa mwaka 2007 kuwa na utajiri wa dola za Marekani bilioni 1.8, alifanya mpango wake akiwa hai. Mwaka 2011 aliipa MIT sehemu kubwa ya hisa za kampuni, lakini kwa masharti. Hisa hizo hazina kura, taasisi haiwezi kuziuza, na haina mamlaka ya kuingilia uendeshaji. Inachopata ni gawio, nalo linatumika kwa ajili ya elimu na utafiti.

Kwa maneno ya mkulima, aliwapa wale maziwa lakini akawakataza kumchinja ng'ombe.

Mtoto wake, Vanu Bose, hakukaa kusubiri kurithi kiti cha baba. Alianzisha kampuni yake ya teknolojia ya simu, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupeleka mawimbi ya simu kwenye maeneo ya vijijini nchini Rwanda kwa minara inayotumia umeme wa jua. Alifariki dunia mwaka 2017. Mzazi aliyemrithisha mtoto ufundi na nidhamu amemwachia mtaji ambao ndugu hawawezi kuugawana.

Si lazima mwenye kibanda awe na mwanasheria ili kufanya kama hayo. Anaweza kukaa na mke au mume na watoto wakubwa, daftari ikiwa mezani, wakakubaliana kuwa duka ni moja na litabaki moja, na kwamba kitakachogawanywa ni faida. Makubaliano hayo yaandikwe, na mashahidi wawepo.

Njia ya Bose haikuwa ya miujiza. Alianza kwa kutengeneza redio mbovu, akabaki na kazi iliyomlisha, akaiacha faida ifanye kazi, na akaweza kusubiri wakati wengine wana haraka. Mavuno yanayokuja ni nafasi nyingine ya kujaribu. Kabla lori la mlanguzi halijapiga honi barabarani, mkulima na ajiulize ni chungu kipi kitakachomlisha yeye na wanawe mpaka bei ipande, na kama hakipo, aanze kukitafuta leo.